Kifuo Kilichoachwa Kimesimama

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na mikono yangu bado inaamka kabla yangu. Alfajiri najikuta nimekaa kitandani, vidole vimekunjwa kana kwamba nimeshika nazi, na mke wangu ananiuliza leo nitafua ngapi. Vijana wa uwanja wa kufulia nazi pale Baleni, mliniaga kwa kanzu na pilau, nami nawashukuru. Lakini katikati ya pilau ile mmoja wenu aliniuliza swali nikajifanya natafuna. Aliuliza hivi: kwa nini uwanjani kwetu kifuo kikiachwa kimesimama baada ya kazi mtu yeyote anaruhusiwa kukichomoa, na mashamba mengine ni mwiko kugusa kifuo cha mwenzio?

Nimekwisha tafuna vya kutosha. Jibu ninalo, ila itabidi nianze mbali.

Nilianza kazi mwaka uliofuata Uhuru. Bendera ilikuwa mpya, ofisi ya shamba ilikuwa ileile. Habari za mshahara sitaziandika, maana mshahara wenyewe haukukaa kwangu muda wa kutosha nikaujua. Nilipelekwa kwa Mzee Faki, mtu mfupi, mkali wa macho, mpole wa maneno, ambaye ndiye aliyesimamia wafuaji wote. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akanipa jembe. Siku ya kwanza sikufua hata nazi moja. Nilichimba mashimo.

Kwa wale ambao hawajapata kuiona kazi yetu, kifuo ni mti mgumu uliochongwa ncha, unaosimikwa ardhini ncha ikitazama juu, urefu wake hadi gotini. Unashika nazi kwa mikono miwili, unaikita juu ya ncha, unaikamua upande, makumbi yanaachia. Mara tatu, nazi iko uchi. Mzee Faki alinifundisha kwamba kifuo kinazama ardhini mkono mzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na kinalala kidogo kumwelekea mfuaji. "Kikitikisika, mwanangu, kitaiacha nazi kikuchague wewe," alisema. Na tena: "Nazi haipigwi. Inabembelezwa." Nilibembeleza nazi mwezi mzima nikiwa nimefunga vitambaa vidole vitano kati ya kumi.

Nilipokuwa tayari aliniambia nikate kifuo changu mwenyewe. Nikakata mti mgumu wa mkandaa kule mikokoni, nikauchonga, nikauchoma ncha kwenye moto ukawa mweusi na mgumu, kisha nikautia alama ya pete tatu kwa kisu. Kila mfuaji alikuwa na alama yake. Siku hiyo ndipo aliponipa sheria kubwa ya uwanja.

"Kifuo cha mtu ni mkono wake. Hakiazimwi, wala hakichomolewi na mwingine. Ukikichomoa, umemwambia aondoke kazini."

Hakuwa anatania. Niliwahi kumwona mtu amechomoa kifuo cha mwenzake kwa mzaha, na mzaha ule ulimalizwa kwa wazee wa pande mbili, halua, kahawa na maneno mengi. Nani angetaka makubwa hayo kwa ajili ya kijiti?

Ujamaa ulipofika, shamba likawa letu sote, tukawa tunaitana ndugu hata tuliokuwa hatusalimiani. Jioni tulikuwa na mpira. Kiwanja kilikuwa pembeni ya uwanja wetu wa kufulia, na goli moja lilikuwa limepakana kabisa na mahali tunapotupa makumbi. Mstari wa nyuma tuliuchora kwa majivu. Hatua mbili baada ya majivu, makumbi yanaanza.

Hapo ndipo alipotokea Hamdani. Alitoka Kisiwa cha Bwejuu, mtoto wa wavuvi, mjukuu wa wavuvi, naye chombo kikishatikisika alikuwa anatapika. Ni aibu kubwa kwa mtu wa Bwejuu. Wajomba zake walimvumilia misimu miwili, kisha wakamleta Baleni akwee minazi. Akawa mkwezi, na mkwezi hodari. Na jioni ya kwanza alipoingia kiwanjani, sisi wafuaji tuliacha kazi tukasimama kutazama.

Alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa mwingine. Mpira ukiwa umempita, ukiwa unakwenda zake, alikuwa ananyoosha mguu wa kulia, anaufikia kwa wayo, anaurudisha kwake. Alikuwa anauangua kama papai. Kwa hiyo tulimpa jina la ule mti mrefu wenye kulabu wa kuangulia matunda: tukamwita Upembo.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nilimwomba siku moja anyanyue mguu, nikautazama kama mtu anayenunua punda. Wakwezi hujifunga kamba miguuni, na kamba ile ilikuwa imemchimbia mfuo wayoni, nyororo lakini wenye ngozi ngumu kama ganda. Nikaweka kidole, kikakaa sawasawa.

"Mpira unakaa hapa?" nikamwuliza.

"Sijui, kaka Musa," akasema. "Ninachojua mimi, ukifika hapo nausikia. Nyie mnautazama mpira, mimi nausikia."

Nimeliwaza jibu hilo miaka mingi na sijalimaliza.

Bi. Mwanaidi, aliyekuwa anakaanga vitumbua pale kiwanjani, ndiye aliyempenda kupita sisi wote. Upembo akipata mpira, bibi huyo alikuwa anasimama na mwiko mkononi, na vitumbua vinaungua. Tulikuwa tunavinunua hivyohivyo vimeungua, na tukila tunajua mchezo ulikuwa mzuri. Mpaka leo ukimtajia Upembo anakuambia alifunga goli kutoka katikati ya kiwanja, siku ya mvua, kwa kisigino. Mvua ilikuwapo. Hayo mengine ni ya Mwanaidi. Barazani kuna na kijana mmoja anayesimulia magoli yote ya Upembo kwa mpangilio, na nimefanya hesabu ya umri wake: wakati huo mama yake alikuwa hajaolewa.

Basi ikaja barua ya kumwita Hamdani akachezee timu ya mkoa. Ilisomwa ofisini, ikasomwa tena uwanjani, Mzee Faki akataka kuishika ingawa hakujua kusoma. Ilikuwa asafiri wiki moja baadaye. Kabla ya hapo tulikuwa na mechi moja na timu ya kijiji cha Ndagoni, ambao walikuwa na beki mmoja mrefu, Salehe, mtu mkimya, ambaye hakupitwa ovyo. Kila mtu alitaka kujua itakuwaje Upembo akikutana na Salehe. Mimi nilitaka kujua kuliko wengi.

Siku ya mechi ilikuwa Jumamosi, na asubuhi tulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya shamba zima. Nazi za kukausha ziwe mbata zilikuwa nyingi, uwanja ukatujaa, wengine tukasimika vifuo vyetu hadi karibu na kiwanja. Mimi nilisimika changu kona ya kushoto, hatua mbili tu baada ya pale majivu yangepita. Adhuhuri kazi ikakatwa. Wenzangu wakachomoa vifuo vyao. Mimi nikakimbilia nyumbani, nioge, nile, niwahi nafasi nzuri ya kukaa. Kifuo nikakiacha kimesimama.

Hapa ndipo ninyi vijana mtaniuliza: hakuna aliyekiona? Alikiona Mzee Faki. Alipita akikagua uwanja kama desturi yake, akakiona, akazitambua pete tatu. Kukichomoa ni mwiko, kukiacha ni hatari. Akafanya jambo ambalo mfuaji tu ndiye angelifanya: akakusanya makumbi mengi, mabichi, laini, akakifunika mpaka kikapotea, ili mtu akiangukia aangukie kwenye makumbi. Akaenda zake kuswali akiwa ameridhika. Haya nimeyajua baadaye sana.

Niliporudi nilipata nafasi nzuri kweli, kona ileile ya kushoto, nimekaa chini karibu na majivu. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Upembo na Salehe walikuwa kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Salehe alikuwa amefunga kitambaa kidole cha mguu wa kushoto, kwa sababu ya mwiba wa urumba, yule mdudu wa baharini mwenye miiba, aliokanyaga pwani. Nawaomba mkikumbuke kitambaa hicho.

Kipindi cha pili mpira mrefu ukaja upande wetu, mrefu mno, unakwenda nje. Mwingine angeuacha. Upembo akaukimbilia, Salehe ubavuni mwake, bega kwa bega, moja kwa moja kuja kwangu. Na hapo, Mungu ndiye shahidi, ndipo nilipokumbuka kifuo. Nikageuka kutazama makumbi. Watu wote kiwanjani walikuwa wanatazama miguu ya wale wawili na mpira, mimi natazama makumbi. Nilifungua mdomo. Sikumbuki kama sauti ilitoka.

Waliingia wote wawili kwenye makumbi, Hamdani chini, Salehe juu yake. Kisha nikasikia ukelele ambao sipendi kuuandika.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu, mimi nikafika kwanza. Sasa andikeni hili mahali, kwa sababu ndilo lililonikosesha raha maisha yangu yote ya kazi: sikuanza na Hamdani. Niliingiza mkono kwenye makumbi, nikakichomoa kifuo changu, nikakisukuma chini kabisa ya lundo. Kisha ndipo nikamshika yeye. Salehe alikuwa anajiinua, amezubaa, hakuona kitu. Wengine walipofika waliona mtu wetu anavuja damu nyuma ya goti la kulia, na beki wa Ndagoni amesimama juu yake.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba. Mganga wa zahanati alitazama akasema mshipa wa nyuma ya goti umekatwa na kitu chenye ncha. Maneno hayo yalifika kiwanjani kabla yetu. Kitu chenye ncha! Mtu akasema kitambaa. Mwingine akasema ndani ya kitambaa kulikuwa na msumari. Jioni ile kulikuwa na watu watatu waliouona msumari wenyewe kwa macho yao, na hawakukubaliana urefu wake. Wengine walisema si msumari, ni mambo yaliyozikwa golini na watu wa Ndagoni. Bi. Mwanaidi alimwaga unga wake chini, akaapa hatauza tena kiwanjani, na hakuuza.

Hamdani alipelekwa hospitali ya Kilindoni, akavushwa bara, akakaa miezi mingi. Alirudi na mguu ambao haukunyooka wala kukunjika sawasawa. Barua ya mkoa ilikuwa bado ofisini. Salehe timu yake ilimweka pembeni kukwepa ugomvi, na hakucheza tena. Sisi tukampa jina la Salehe Msumari. Alipokuja Baleni na mihogo yake watu walikuwa wanamsogelea kwa utani: "Msumari, leo umevaa viatu?" Baadaye akaacha kuja. Asiyekuwapo na lake halipo, tukawa tunamsema tunavyotaka.

Na mimi? Siku ya kwanza niliogopa kupigwa. Baada ya hapo ikawa aibu, na aibu ukiizoea inakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Nilikuwa nasikia jina la Msumari, natazama chini, naendelea kufua.

Jumatatu baada ya mechi Mzee Faki aliwasimamisha wafuaji wote kabla ya kazi. "Kuanzia leo," akasema, "kifuo kitakachoachwa kimesimama kazi ikiisha, atakayekiona akichomoe, awe nani. Aliyechomolewa asinune." Watu wakatazamana. Sheria ya babu zake, anaivunja yeye mwenyewe! Wakasema mzee amechoka. Hakueleza, wala hakunitazama. Hiyo ndiyo sheria mliyoikuta, na hapo ndipo ilipotoka.

Mwaka alioumwa, nilikwenda kumjulia hali. Akawatoa watu chumbani.

"Musa, nilikiona," akasema. "Nilikijua ni chako. Nikasema nisikuvunjie heshima, mwanangu, nikakifunika. Ningekichomoa yule kijana angekuwa anatembea sawasawa."

"Kosa ni langu, mzee. Mimi ndiye niliyekiacha."

"Wewe ulikiacha wazi. Mimi ndiye niliyekificha." Kisha akasema, "Kuna mtu wa tatu hajakosa kitu, na ndiye anayelipa. Mimi siwezi tena kwenda Ndagoni. Wewe una miguu."

Nilimwambia nitakwenda. Alifariki, nikamzika, na miguu yangu ikapata sababu za kila namna.

Adhabu yangu nyingine ilikuja yenyewe. Hamdani hakuweza kupanda minazi tena, ofisi ikamleta kwetu kufua, na aliyeambiwa amfundishe ni mimi. Nikamwonyesha namna ya kusimika kifuo, mkono mzima, kilale kidogo. Siku hiyo aligusa ncha ya changu, akaisugua kwa kidole gumba muda mrefu. Sijui alijua nini. Alifua ubavuni mwangu miaka yote, amesimamia mguu wa kushoto, na aliongea habari za kila kitu isipokuwa mpira. Mashabiki walipokuja kumsimulia magoli yake alikuwa anasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za ndugu aliyehamia mbali.

Basi nikastaafu, nikaulizwa lile swali kwenye pilau, na usingizi ukakataa. Wiki iliyopita nikachukua kifuo changu cha pete tatu, nikakifunga kwenye baiskeli, nikaenda Ndagoni.

Salehe nilimkuta anamenya mihogo. Mvi kichwa kizima. Akanikaribisha, akaniletea maji, nami nikakiweka kile kijiti mbele yake, nikamweleza yote, bila kupunguza pale nilipoanza na kifuo kabla ya mtu. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo, na kwa kweli nilikuwa nayatamani.

Alikigeuzageuza. Akapima urefu wake na goti lake mwenyewe. Kisha akasema, "Kwa hiyo haukuwamo."

"Nini?"

"Msumari." Aliweka kisu chini. "Nilipofika nyumbani siku ile nilikifungua kile kitambaa. Nikakitazama. Nikakifua, nikakitazama tena. Nilijua sikutia kitu, lakini watu wote wanasema, na yule bwana damu inamtoka. Nikasema labda ni ule mwiba wa urumba. Labda ni ukucha. Musa, nimetafuta msumari mimi mwenyewe miaka yote hii."

Nililia, na sioni haya kuliandika. Nilidhani nilikuwa nimemwachia jina baya tu. Kumbe nilimwachia na kosa lenyewe, akalibeba akidhani ni lake.

Nikamwambia, "Twende kwa Hamdani." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaenda kuvaa shati safi.

Hamdani alikuwa barazani kwake, ule mguu ameuegemeza kwenye kigoda. Alipomwona Salehe alitaka kuinuka, akashindwa, Salehe akamwahi. Wakashikana mikono. Nikasema yangu kwa mara ya pili siku hiyo, na kifuo nikakiweka chini katikati yetu. Hamdani alikitazama, lakini si sana. Alikuwa anamtazama Salehe.

"Musa, nimekusamehe," akasema, kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli ili safari ianze. "Mzee Faki naye, Mungu amrehemu. Lakini nina jambo la kuuliza, na sikuwa na wa kumwuliza."

"Niulize mimi," nikasema. "Nilikuwa palepale kwenye mstari."

"Wewe ulikuwa unatazama makumbi, umesema mwenyewe. Na mashabiki wangu siwaulizi, wale wanasema nimefunga kwa kisigino." Akamgeukia Salehe. "Ule mpira. Niliusikia wayoni, kisha nikasikia maumivu. Sikuuona tena. Nimejiuliza kila siku niliposimama kufua. Uliwahi kutoka nje, au niliuwahi?"

Salehe alisogea mbele. Aliinama, akachora mstari kwa kidole kwenye vumbi la baraza. Akachukua dafu lililokuwa pale, akaliweka, akalisogeza kidogo, akalisogeza tena mpaka akaridhika. Kisha akapima nafasi kati ya dafu na mstari kwa kiganja, vidole vimetanuliwa.

"Haukutoka," akasema. "Uliunyofoa ukiwa hapa. Ukaurudisha ndani, ukapita mbele ya goli, wenzio wakaukosa. Mimi ndiye niliyekuwa ubavuni, na mimi ndiye niliyeachwa. Nilitaka kukwambia siku ileile, lakini nani angenipisha nikufikie?"

Hamdani alifuta macho kwa mkono wa shati. Akainama kwa shida, akaweka kiganja chake palepale Salehe alipoweka chake.

"Shibiri nzima?" akauliza.

"Shibiri nzima."